Vikeki Vyeusi vya Vitalia

Wifi yangu Vitalia ni mtu wa ziwani, wa Lundu. Alikuja huku kwetu Mbuji, milimani, kama bibi harusi wa kaka yangu Ladislaus, wakati mimi bado ni msichana wa kutumwa maji. Alipomaliza kupanda kilima cha kwanza alikaa chini akauliza kama kuna kingine. Vilikuwapo vingi. Watu walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimembebea mkeka wake na nilikuwa nimechoka kama yeye. Nayasema haya kwa kuwa niliyaona. Siku hizi watu wanasimulia hata yale waliyoyakuta yamekwisha.

Jembe alifundishwa na mama yetu. Kwetu shamba la ngolo ni kazi ya wawili: mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga mirabamiraba, mwanamke hufuata nyuma akizifukia kwa udongo, mpaka mlima mzima unakuwa vishimo vishimo kama sega la nyuki. Vitalia alifukia nyuma ya Ladislaus tangu ujana mpaka mgongo ulipoanza kupinda. Alikuwa Mwanglikana, akaingia Ukatoliki, hakunung'unika. Jambo moja tu alilikataa, kuambiwa kwamba usipa, wale dagaa wa kwao ziwani, wananuka. "Na ninyi mnanuka maharage," alitujibu, "ila mimi nina adabu, sisemi."

Ladislaus alifariki mwaka jana, mvua zikianza. Msiba ulikuwa mkubwa maana alikuwa mkubwa wa ukoo, na watu walikuja kutoka kila upande wakakaa. Walipoondoka, ghala la Vitalia lilikuwa limebaki na panya na mabua. Ukubwa ukahamia kwa mdogo wetu Othmar.

Othmar si mtu mbaya. Nimembeba mgongoni, namjua. Lakini ana mwanawe, Mansuetus, anayefanya kazi kwenye makaa ya mawe kule Ngaka, na huyo ana mke na watoto na chumba cha kupanga. Nyumba ya Ladislaus ni ya tofali za kuchoma, na bati lake bado linang'aa. Basi Othmar kila akipita hapo alikuwa anauliza: "Shemeji, kule Lundu bado una ndugu, sivyo?" Ukiulizwa hivyo mara ya kwanza ni salamu. Ukiulizwa kila wiki, ujue unafunguliwa mlango utoke.

Hapa lazima niseme habari ya sengu. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, kila mke akipeleka chakula chake, na hapohapo walionyana na kukata mashauri. Hiyo ndiyo sengu. Sasa kila mtu anakula kwake na televisheni yake. Ukoo wetu tumebakiza moja kwa mwaka, Jumapili ya Epifania baada ya misa, kabla waliokuja Krismasi hawajarudi makazini, na sisi wanawake tunakaa pia. Kanuni yetu, ya koo nyingine siijui, ni kwamba kila nyumba huleta chakula kilichopikwa na mwenye nyumba, kila mtu anaonja, na mkubwa wa ukoo anakula mwisho. Akila chakula chako, nyumba yako imehesabiwa. Asipokila, nyumba yako haina neno tena, wataipanga wanavyotaka. Usipoleta kitu kabisa, umeaga mwenyewe.

Othmar alijua kwamba ghala ni tupu. Hata mimi nilijua, kwa hiyo siku mbili kabla ya sengu nilikwenda na ndoo ya unga. Nilimkuta amekaa jikoni, miguu ameiweka kwenye beseni la maji ya moto.

"Rudi nao, wifi," aliniambia kabla sijatua.

"Ni unga tu. Nani ataujua?"

"Watu wote watakujua wewe. Unasaga dona, unaacha na mchanga. Wakitafuna tu watasema, huyu ni Rosina."

Nilikasirika kidogo, maana unga wangu hauna mchanga. Nikamuuliza basi atapeleka nini. Alitazama miguu yake.

"Kuna saa nasema, bora Othmar asile," alisema. "Nirudi Lundu, nikakae pale mchangani, nisipande kilima tena mpaka nife."

"Basi nenda, nani amekushika?"

"Rosina, kuondoka na kuondolewa si kitu kimoja. Na yule pale nyuma ya nyumba nimwachie nani?" Kaburi la Ladislaus liko pale, karibu na migomba. "Nikiondoka, niondoke kwa miguu yangu. Lakini nimechoka, wifi. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

Mjukuu wake Siwema alikuwapo, anasonga nywele zake mlangoni. Huyu anafanya kazi kwa mwoka mikate mjini Songea. Krismasi alikuja na mfuko mzima wa pipi na chokoleti za watoto. Watoto walichagua walizozipenda, zikabaki zile zenye kasoro: chokoleti zilizoyeyuka ndani ya basi zikagandana na karatasi zake, tofi ngumu ambazo wakubwa waliziogopea meno yao, na pipi za mnanaa. Vitalia alikuwa amezitia kwenye kopo akalitundika darini, sisimizi wasizipate.

"Bibi," Siwema akasema, "tuoke brauni."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Keki nyeusi ya chokoleti. Haiumuki sana, inakaa nzito. Tunafanya vidogo vidogo, mtu anatia mdomoni mara moja, kwisha."

Vitalia akanyanyua kichwa. "Mara moja? Haimegwi?"

"Haimegwi."

Akanitazama mimi, nami nikamwelewa palepale. Kuna mwaka Othmar alikuwa na ugomvi na jirani yetu wa ukoo, Egidi. Wakati huo Othmar alikaimu kwa sababu Ladislaus alikuwa anaumwa. Ilipofika zamu ya ugali wa Egidi, Othmar alimega, akauviringa vizuri, akauingiza chini ya sahani. Wote tuliona na wote tulisema hatukuona, na ugomvi ule haujaisha mpaka leo. Ugali una maficho. Kitu cha kutia mdomoni mara moja hakina maficho: umekula au hujala.

"Ngano ya maandazi imebaki?" Vitalia aliuliza.

"Imebaki, bibi."

"Basi nipe taulo, nikaushe miguu."

Jumamosi tulioka. Nimeandika tulioka, lakini mimi nilikaa zaidi, magoti yangu si ya kuinama. Chokoleti tulizibandua kwenye karatasi kwa kisu, moja moja. Siwema aliziyeyusha na mafuta kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, akatupa na tofi humo, zikakataa, akazikoroga mpaka nazo zikalegea. Pipi za mnanaa Vitalia alizitwanga kwenye kinu cha karanga. Mayai yalitoka kwa kuku wake wa mwisho, aliyenusurika na msiba kwa sababu alikuwa amejificha. Vyombo vya kuokea vilikuwa vikopo vya nyanya ya kopo, vile vidogo, ambavyo Vitalia huvihifadhi vya kuoteshea miche. Kila kikopo kilipakwa mafuta, kikatiwa uji mweusi kidogo tu kule chini. Sufuria kubwa ikawekwa mchanga, vikopo vikapangwa juu ya mchanga, mfuniko ukabebeshwa makaa.

Mkupuo wa kwanza uliungua. Wa pili mvua ilipiga, mkaa ukalowa, vikabaki ute. Vitalia aliviangalia vile vilivyoungua akasema, "Hivi ndivyo nilivyo ndani," akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo na bado ameushika. Siwema alitaka waache. Bibi yake akamwambia, "Mimi nimefukia mlima huu wote, nitashindwa na vikopo?" Wakawasha tena. Moto wa chini mdogo, wa juu mwingi, hapo vikakubali. Vilipotoka vilikuwa vyeusi, vinang'aa juu, laini katikati, na harufu yake ilinifanya nisahau kwamba nilikuwa nimekasirika kuhusu unga. Hakuna aliyeruhusiwa kuonja. Vilikuwa vya kutosha watu wa sengu, kimoja kwa kila mmoja, na vilivyoungua tulikula sisi.

Jumapili tulikaa uani kwa Othmar, vyakula vimepangwa kwenye mikeka: ugali, maharage, kuku wa watu wenye kuku. Vitalia akaweka ungo wake, umefunikwa kitambaa cheupe. Alipokifunua, watoto walisogea wote mara moja.

Othmar akachungulia. "Shemeji, hiki ni chakula au zawadi za watoto wa Utoto Mtakatifu?"

Watu wakacheka. Vitalia hakutikisika. "Ni chakula cha nyumba ya Ladislaus, shemeji. Mahindi yake yaliliwa msibani. Hata wewe ulikula."

Kicheko kikakatika.

Mansuetus ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Chukua."

Akakitia mdomoni, akafumba macho. "Chini kimeungua kidogo. Kama Ngaka."

"Nilikufikiria wewe, usije ukapakumbuka kazini."

Wakaja wote, kimoja kimoja, Siwema akiwa askari wa ungo. Mansuetus alirudi na mkono mwingine, akapigwa kofi la vidole. "Mjomba, kimoja!" "Mimi mtu mzima!" "Basi kimoja kikubwa, ulishakula." Mpaka ungo ukabaki na kikeki kimoja tu, katikati, kama jicho.

Othmar alikuwa ameshakula vyakula vyote vingine. Akaomba maji. Akaanza kunawa mikono kama mtu aliyekwisha kula, taratibu, kidole kwa kidole. Kila mtu aliona anachonawa. Vitalia alikuwa anautazama ule ungo, hamtazami yeye, mabega yameshuka.

Hapo mimi nikasema. Mimi ni shangazi wa ukoo huu, nimesoma darasa la nne, na kumbukumbu yangu haijawahi kuniaibisha.

"Othmar, unaikumbuka pipi ya Kigonsera?"

Akaacha kunawa.

Niliwaeleza wale vijana. Tulikuwa tunasoma Kigonsera, sisi watatu, tunakaa kwa mjomba. Krismasi masista waliwapa watoto pipi moja moja. Othmar alikuwa mdogo, yake ilimponyoka njiani ikaingia kwenye matope, akalia mpaka akakosa pumzi. Ladislaus akaitoa yake mdomoni, akaikata katikati kwa meno, akampa nusu. "Nilikuwapo," nikasema. "Nusu ile ilikuwa ya yule ambaye leo unanawa mikono mbele ya chakula cha nyumba yake."

Othmar alitazama maji yanavyodondoka vidoleni.

"Dada, hujui," akasema polepole. "Haikuwa nusu. Wewe ulikuwa umetangulia. Aliikata, akanipa nusu. Niliendelea kulia. Akanipa na ile nyingine. Yeye alilamba karatasi."

Miaka yote hiyo nimeisimulia habari hiyo kwa nusu, na Ladislaus alikuwa akikaa anasikiliza, hanisahihishi.

Othmar akanyoosha mkono uliolowa, akakichukua kile kikeki, akakitia mdomoni chote. Meno yake ni machache na tofi ilimnasa. Tulisubiri. Alitafuna, akahamisha shavu, akatafuna. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa watoto.

"Kina mnanaa," akasema alipomeza. Kisha, bila kumtazama shemeji yake: "Mwezi wa tatu nyasi za shamba la kaka nitapanga mimi na Mansuetus. Ardhi isilale."

"Nitaomba ruhusa kazini, baba," Mansuetus akajibu. Habari ya nyumba haikutajwa tena na mtu. Wanawake wakaanza kukusanya vyombo, na mmoja akamwuliza Vitalia kama Pasaka atawaletea tena vile vyeusi.

"Pasaka mtanikuta nimelala," akajibu.

Tulirudi pamoja, Siwema ametangulia na ungo mtupu, Vitalia amebeba kikapu cha vikopo tulivyobebea vikeki. Nilidhani Vitalia angeimba. Alitembea akiutazama mlima mpaka mtoni.

"Amesema atapanga nyasi," akasema.

"Amesema, na wote tumesikia."

"Sasa nani atafukia?"

Jibu tulilijua wote wawili. Nyumba amebaki nayo, na mlima amebaki nao. Tulipofika kile kilima cha kwanza alikaa chini, palepale alipokaa siku ile ya harusi yake. Safari hii hakuuliza kama kuna kingine. Nilimpokonya kile kikapu cha vikopo, nikakaa pembeni yake. Aliegemea bega langu akasinzia, na mimi nikamwacha alale mpaka mvua ilipoanza tena kudondoka.