Fundi Nguo Chini ya Gari

Mtaa ule, mtu akiwa na suruali iliyomkaa sawasawa, ujue imepita mikononi mwa Sentimita. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa kuwa hakuweza kukata kitambaa bila kukipima mara tatu, na akishamaliza kupima alipima tena, akisema mkasi hauna msamaha.

Kibanda chake kilikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu, na kibao alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: USIJISHONEE, MLETEE FUNDI. Nusu ya riziki yake ilitoka kwa watu waliojishonea. Walikuja wameficha nguo kwenye mfuko kana kwamba wameiiba, naye aliipokea, akaigeuza, akatikisa kichwa na kuuliza, "Nani amekufanyia hivi?" huku akijua vizuri ni nani.

Kwenye magari, lakini, hakuwa na bahati. Lake lilikuwa zee, lenye moyo mzuri na mdomo mchafu. Bomba la ekzosi, lile linalotoa moshi wa injini na kuupeleka nyuma, lilikuwa limeliwa na kutu katikati, na gari likiwashwa asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba muuguzi anakwenda kazini. Muuguzi ndiye mkewe. Alimpeleka zahanati kila siku kabla ya kwenda kufungua kibanda, na safari ile ndiyo ilikuwa nafasi yao. Mchana yeye alikuwa na wateja na mkewe alikuwa na wagonjwa. Jioni nyumba ilijaa wajukuu na televisheni. Mle garini ndimo walimochekeana, wakasengenya ndugu kidogo, wakapanga mambo yao. Kutu ilipozidi ikabidi wapigiane kelele. Mke akisema neno, mume anajibu, "Eti?" Akirudia, mume anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," na kila mke duniani anajua maana ya "ndiyo" mbili zinazofuatana.

Jumatatu moja mkewe alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Baba watoto, leo nakwenda na mwalimu jirani. Gari lako likishajifunza adabu, niambie."

Sentimita alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, lakini kilichomchoma kilimchoma. Aliendesha peke yake, kiti cha pembeni kitupu, akajikuta anamkumbuka mtu aliyeagana naye muda si mrefu. Alitaka mkewe arudi kwenye kile kiti. Wiki ile hakutaka kingine chochote.

Sasa, dawa ya ugonjwa ule haikuwa mbali. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na gereji ya ekzosi barabara ya pili, kazi yake usiku na mchana ni mabomba. Alishamwambia mara nyingi, "Shemeji, lete hilo gari, asubuhi unaliacha, jioni unalichukua." Mtu mwingine angelipeleka. Lakini shemeji huyo alikuwa na dhambi moja isiyosameheka: suti zake alizinunua dukani. Zilikuwa pana mabegani na fupi mikononi, na alizivaa kwenye kila shughuli ya ukoo akisimama karibu kabisa na Sentimita. Fundi nguo hakuwa tayari kumpigia magoti mtu wa namna hiyo.

Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu. Alitaka gari likinyamaza, linyamazishwe na mkono wake. Kwa mkewe hakutaka kutuma mwakilishi.

Basi akanunua ekzosi mpya kwenye duka la vipuri. Haikuwa ya kiwanda kilichotengeneza gari; ilikuwa ya watu wengine wanaotengeneza zinazofanana nayo. Muuzaji aliapa kwamba haihitaji kuchomelewa, ni kuunganisha vipande na kukaza vibano tu. Sentimita aliingia nyumbani ameibeba begani, mkewe akaitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Kibao chako kinasemaje vile?"

"Kibao ni cha nguo."

"Mganga hajigangi, baba. Na wewe hata si mganga wa magari."

"Mama, bomba ni mkono wa shati wa chuma. Una bega, una kiwiko, una kiganja. Tutashindwa wapi?"

Mkewe alicheka, akaenda kuinjika chai. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi aliliinua gari kwa jeki, akaweka stendi nne imara chini ya fremu, akalitikisa kuhakikisha halitamwangukia, kisha akajilaza chini yake. Shingoni alikuwa na futi ya kamba, ile ya kupimia nguo. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu waliogombea urithi kisha wakapatana. Alizimwagia mafuta, akazisubiri, akazibembeleza kwa spana, na moja ikakatika ikamwangukia kwenye paji la uso. Alitamka neno ambalo mkewe, dirishani, alijifanya hakulisikia.

Hata hivyo bomba la zamani lilitoka. Na hapo ufundi wake ukamsaidia kwelikweli. Hakukaza kitu kwanza. Alining'iniza lile jipya kwenye raba zake, akaunganisha vipande vyote kwa ulegevu, yaani alilipiga bandi kama anavyofanya koti kabla ya kushona. Kisha akapima. Akapima kutoka bomba hadi sakafu ya gari, akapima kutoka bomba hadi ekseli, kile chuma kinene kinachoshika magurudumu ya nyuma, bomba likipita juu yake. Nafasi ilitosha kupitisha viganja viwili. Akapima tena. Ndipo akakaza vibano kimoja baada ya kingine, akatoka chini ya gari mweusi toka nywele hadi soksi, amejaa furaha mpaka inamwagika.

Alilishusha gari, akaliwasha.

Kimya. Injini ilinong'ona. Mkewe akatoka mbio.

"Limezimika?"

"Limewaka hili, mama! Weka sikio!"

Mkewe aliweka kiganja kwenye boneti, akahisi mtetemo, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo hakuwa ameliona tangu ujana wao. Sentimita alivimba kichwa. Akasema ngoja nizunguke mtaa kidogo nirudi ujionee. Akatoka getini, gurudumu la nyuma likaingia kwenye kishimo.

Gong!

Akasimama. Akaenda tena, akapanda tuta. Gong! Kila shimo gong, kila tuta gong, na mtaa ule ulijaliwa vyote viwili. Watu walitoka nje kuangalia nani anagonga kengele. Aliporudi, mkewe alikuwa ameshikilia nguzo ya geti, anacheka mpaka machozi.

"Zamani lilikuwa linapiga kelele," alisema alipopata pumzi. "Sasa linaita watu kwenye mkutano!"

Sentimita naye alicheka, lakini usiku ule usingizi ulimpaa. Jumatatu ilikuwa inakuja, na mwalimu jirani naye alikuwa anakuja.

Alfajiri ya Jumatatu mkewe aliondoka na mwalimu. Sentimita alimeza kiburi chake bila maji, akaelekea barabara ya pili. Shemeji alimsikia kabla hajamwona. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, mikono kiunoni, ovaroli lake pana mabegani na fupi mikononi.

"Karibu, shemeji," alisema. "Nani amekufanyia hivi?"

Kumbe maneno yake ya kibandani yalikuwa yanajulikana mji mzima.

Waliliegesha gari juu ya shimo la gereji, magurudumu yote yamekanyaga chini, wakashuka ngazi wakalitazama kwa chini. Shemeji alimulika tochi, akapapasa viungo kimoja kimoja.

"Umefunga vizuri," alisema hatimaye. "Havivuji popote. Hivi vya mbele sivigusi. Lakini hebu tazama ekseli ilipo."

Sentimita alitazama. Pale alipopitisha viganja viwili, sasa kidole hakikupita.

"Nilipima! Nilipima mara nne!"

"Ulipima likiwa limekaaje?"

"Juu ya stendi. Magurudumu yananing'inia..."

Akakatisha. Alijiona kibandani mwake, siku zote za maisha yake, akimzunguka mteja na futi na kumwambia: usibane tumbo, bwana, simama kama unavyosimama siku zote, nguo utaivaa ukiwa unapumua. Gari lilipokuwa hewani ekseli ilikuwa imeshuka. Lilipokanyaga chini ekseli ikapanda, na kwenye kila shimo ikapanda zaidi ikaligonga bomba.

"Nimelipima limebana tumbo," alisema, akajishika kichwa. Kicheko kikamtoka kwa nguvu, shemeji asielewe anachekwa nani, mpaka akaelezwa, wakacheka wote wawili mle shimoni.

Walilegeza kibano cha nyuma, wakalizungusha bomba kwenda juu, wakakaza tena gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Shemeji alimwachia spana akaze mwenyewe. Lilikuwa jambo dogo, lakini Sentimita alilipokea kama heshima, na kwa kuwa heshima hailali na deni, akatoa futi shingoni.

"Simama vizuri. Nakushonea suti. Hizi za dukani zimetosha."

Shemeji alisimama, akavuta tumbo ndani.

"Pumua, shemeji," alisema Sentimita. "Pumua. Mimi yameshanikuta."

Asubuhi iliyofuata mkewe alipotoka na mkoba wake, gari lilikuwa limeshawashwa, naye alilipita bila kujua mpaka mumewe alipomfungulia mlango. Akaketi kwenye kiti chake. Wakatoka getini, wakavuka kishimo, wakapanda tuta, na hakuna kilichogonga.

Sentimita alikohoa. Siku nyingi sana walikuwa wakipigiana kelele humu ndani, na sasa hakujua sauti ya kawaida inaanzia wapi. Alikuwa karibu kuzungumzia hali ya hewa.

"Mwisho wa mwaka naacha kazi," alisema mkewe taratibu. "Miguu imechoka, baba. Kusema kweli naogopa. Sijui nitakuwa nani nisipokuwa muuguzi."

Sentimita ndiyo kwanza amezirudisha asubuhi zao, na tayari zilikuwa na mwisho. Lakini lililomuuma zaidi ni lile "naogopa," kwa sababu katika ndoa yao ndefu hakuwahi kulisikia kwake.

"Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe mara tatu. Ukawa unaitikia ndiyo, ndiyo."

Sentimita alinyoosha mkono, ambao bado ulikuwa na kutu kwenye kucha, akaushika wa mkewe juu ya mkoba. Mkewe hakuutoa. Geti la zahanati lilikuwa limeshaonekana kule mbele.

"Punguza mwendo," alisema mkewe. "Bado sijamaliza."