Chavua ya pamba kwenye kichupa kitupu: nilivyomwangusha mfuga nyuki wa Bwera

Wakuu, salaam.

Kutunga hadithi ndiyo kazi ninayoitamani, lakini hii sikuitunga. Laiti ningekuwa nimeitunga.

Nilianza kwa kusikia. Shwii, shwii, shwii, nyuma ya migomba, kabla sijaona mtu. Kisha akatokea mzee mwenye bomba la dawa ya wadudu mgongoni, anapulizia pamba yake asubuhi, maua yakiwa wazi. Mwanajeshi mstaafu. Mtaa mzima unamwita Afande.

Jirani yake ni Mama Masika, mjane, mfuga nyuki. Mizinga kumi na mmoja. Nilipofika, saba ilikuwa kimya, na nyuki wamelala chini yake kama maganda ya kahawa.

Ilikuwa 2016. Nilikuwa kibarua wa daktari mmoja mtafiti wa wadudu, tumepanga Kasese mjini. Kazi yenyewe: unamkamata nyuki akirudi mzingani, unamtia kwenye kichupa chenye spiriti. Maabara Kampala wanaosha chavua miguuni mwake, wanaiponda, wanatoa DNA, wanajua alitua kwenye ua gani.

Mimi niliona ushairi mtupu. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu.

Mwenyekiti wa kijiji aliwakalisha majirani wale wawili. Afande akacheka.

"Mama, nyuki yako iko na kitambulisho? Nani aliona ikikuja kwangu?"

"Daktari ataona."

"Sawa. Daktari akionyesha, mimi napulizia jioni, nyuki ikishalala. Neno ya askari."

Watu wakapiga makofi. Mizinga minne iliyobaki ikawa mikononi mwangu.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Mbali na nyuki, unachukua pia maua ya kulinganisha. Unaanza mizingani, shambani unamalizia. Na kati ya sampuli moja na nyingine unachovya kibano kwenye spiriti, unakipitisha motoni. Kila mara, hata kama umechoka.

Mimi nilianza shambani. Maua ya pamba yalikuwa mazuri asubuhi ile, manjano hafifu yenye doa jekundu ndani, nikataka kuyawahi kwa ajili ya daftari la riwaya yangu. Upepo ukazima taa ya spiriti. Nikafuta kibano kwenye shati, nikaenda kwa nyuki.

Majibu yalichukua miezi. Pamba kwa nyuki wote! Nikaruka.

Daktari hakuruka. Alinionyesha mstari wa mwisho: kichupa kitupu. Hicho hakiwekwi mdudu, unazamisha kibano tu kwenye spiriti yake, ili kupima usafi wa kazi.

Nacho kilikuwa na pamba.

"Siwezi kusema chochote hapa," alisema. "Labda ilitoka kwa nyuki. Labda ilitoka kwako."

Kurudia haikuwezekana. Pamba ilishavunwa, na mizinga yenye nyuki ilikuwa imebaki miwili.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Mama Masika. Alikuwa ndani, anakwangua nta kwenye mzinga mtupu. Nikamweleza taa, shati, kila kitu. Hakuacha kukwangua.

"Mutoto wangu, kiberiti ilikwisha?"

"Hapana, mama. Kilikuwa mfukoni."

Wakuu, somo nililopata ni dogo na linauma. Nilidhani kupenda kazi kunatosha. Yule mama hakuhitaji mapenzi yangu, alihitaji njiti moja ya kiberiti. Msimu uliofuata Afande alipulizia asubuhi kama kawaida.

Mlio maabara, majibu ya namna ile yana wokovu wowote? Na mnaofuga nyuki jirani na pamba, mliwezaje kuelewana? Nisemeni pia, sitakasirika.

Siku ile Mama Masika aliinuka, akachukua mkononi mwangu ile kofia ya wavu aliyoniazima siku ya kwanza, akaitundika kwenye msumari wake.

Nikatoka. Nikasikia mlango ukifungwa nyuma yangu, taratibu, kisha komeo.