Chonge Mbili za Kahawia

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka mingi nimefundisha huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Wanafunzi walidhani ni adabu. Adabu gani! Nilikuwa nikificha chonge zangu mbili za chini, za kahawia, zenye vishimo. Tangu tukiwa ukimbizini Tanzania, mama alikuwa na jibu moja tu: "Ni maji ya kule, mwanangu. Yameharibu wengi." Nikayalaumu maji hayo mpaka tukarudi Burundi, tukajenga Minago, nikazaa.

Asubuhi niliyokwenda kwa daktari wa meno mjini Rumonge, mwanangu wa miezi saba alikuwa anaharisha siku ya pili. Mama alimpitishia kidole kwenye fizi, akaguna. "Haya ni meno ya plastiki. Nimwite yule bibi wa Gatete ayatoe?" Nilikuwa nimechelewa, mwenye pikipiki anapiga honi, na mimi na mama tulikuwa tumeshagombana tangu alfajiri. Nikamjibu, "Fanyeni mnavyojua!" nikapanda. Mdomo wangu huu utaniua siku moja.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alilikwangua jino la kwanza kidogo, akalipaka dawa nyeupe, akaikausha kwa kitaa cha mwanga wa buluu, akanipa kioo. Jamani, nilicheka peke yangu, kiganja kimelala mapajani. Alipogeukia la pili akauliza kwa nini nilimwambia ni maji.

"Mama ndiye anayesema."

"Maji hayachagui, mwalimu. Yangepaka meno mengi, ya juu na ya chini. Yako ni mawili tu. Ulichimbwa fizi ulipokuwa mchanga?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mtoto akiharisha, watu hudhani ni meno ya plastiki, wakachimba fizi kwa spoku ya baiskeli na kutoa kijino ambacho bado hakijaota. Jino la ukubwani lililolala chini yake hujeruhiwa, likaota limebadilika rangi. "Na wewe una bahati," akasema. "Wengine hutokwa damu mpaka wakafa."

Niliruka kutoka kwenye kiti na kitambaa chake shingoni. Nilimpigia mama simu mara tano, haipatikani. Nje nikashika pikipiki ya kwanza.

"Minago, kaka, kimbiza!"

"Mama, barabara iko mubaya, ziwa limekula pembeni."

"Basi pita juu ya hilo ziwa!"

Maskini, alikimbiza tu. Njia nzima nililia, nikajitukana, nikamtukana mama, nikamwomba Mungu amsamehe mama, kisha nikamtukana tena. Pamba ya daktari ilikuwa bado shavuni, nikaitema kule Gatete.

Niliwakuta uani. Yule bibi ameketi mkekani, spoku iliyonolewa imelazwa kwenye sahani pamoja na chumvi. Mama amembana mwanangu katikati ya magoti, mkono mmoja kwenye paji la uso.

"Bibi, shikamoo, usimguse!" nilipiga kelele, yote kwa pumzi moja. Nikamnyakua mtoto, nikamtia kidole mdomoni. Fizi zilikuwa nzima. Nikakaa chini hapo hapo.

"Una wazimu?" mama akafoka. "Si wewe uliyesema tufanye tunavyojua?"

Ni kweli, nilisema. Nikamfunulia meno, moja jeupe, moja la kahawia. "Ni maji haya, mama? Au ulinichimba?"

Bibi akakusanya spoku yake, akaondoka bila kuaga. Mama alilitazama lile jino la kahawia. "Kaka yako mkubwa aliharisha hivi hivi, sikumchimba, nikamzika. Wewe ulipoanza, nikakuchimba, ukapona. Ulitaka nifanye nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya, na maneno nilikuwa nayo tele. Lakini macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, nikambeba nikaondoka kuelekea kituo cha afya. Mama akanifuata, viatu mkononi.

Muuguzi alimwangalia mtoto, akasema meno hayana kosa, maji yamemwishia mwilini. Akakoroga pakiti ya dawa ya chumvichumvi katika maji safi, akatupa kikombe na kijiko, kidogo kidogo bila kuchoka. Mama alininyang'anya kijiko. Alimnywesha mtoto mchana kutwa bila kula. Jioni mtoto akakojoa, akalilia kunyonya. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Mama hakufurahi nasi. Alikuwa anakitazama kile kikombe.

"Ni haya tu?" akamuuliza muuguzi. "Maji, na hiki kipakiti?"

"Ni hayo tu, mama. Murakoze, asanteni kwa kumleta mapema."

Akanigeukia, kijiko bado mkononi. "Basi na kaka yako angepona?"

Nikaweka tena kiganja mdomoni, na safari hii si kwa kuficha meno.