Jina la Mama Feza kwenye Karatasi ya Mbwa

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye shahada ya lisansi ya uchumi niliyoipata Lubumbashi, na huu ni mwaka wa pili tangu niletwe Kalemie kufanya kazi katika ofisi moja ya serikali. Ninaishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vinne inayotazama ziwa. Vyumba vitatu havina kitu.

Sina budi kuanza na kosa lililozaa mengine. Kwa desturi ya hapa, anayehamia ndiye anayepita kwa majirani kubisha hodi na kusema yeye ni nani. Niliijua desturi hiyo, lakini nilijiambia kwamba mtu mwenye diploma kama yangu hutembelewa kwanza. Nikavaa suti yangu ya abakosti, nikakaa barazani, nikangoja. Hakuja mtu. Kesho yake pia hakuja mtu. Baada ya mwezi nikaona aibu kwenda, na baada ya mwaka nikaona haiwezekani tena.

Ndipo nikawaza mbwa. Sitaficha: nilitaka mbwa wa ukoo unaojulikana, berje mwenye masikio wima kama wa mkurugenzi wetu, ili wapitao waulize ni wa nani. Bandarini huuzwa watoto wa mbwa ndani ya vikapu, na kila muuzaji huapa kwamba mama yao alitoka Ulaya. Mwenzangu wa ofisini alinunua mmoja, akafa kabla ya juma kwisha. Kwa hiyo mimi nilipanda lori la ng'ombe hadi Pepa, milimani, kwa mfugaji ambaye nitamwita Papa Kalunga.

Kwanza alinionyesha mama wa watoto wa mbwa aliokuwa nao, kisha daftari lenye majina ya wazee wao hadi kizazi cha nne pamoja na chanjo walizopata. Akamwinua kila mtoto nimtazame macho na ufizi. Mmoja, mzuri kuliko wote, alimrudisha kwenye majani makavu.

"Huyu haendi. Mguu wa nyuma unamusumbua. Nitabakia naye mwenyewe."

Watoto walikuwa na majuma matano tu, hivyo akanirudisha mikono mitupu, ningoje matatu zaidi. Niliporudi, aliweka karatasi ya masharti mezani.

"Citoyen, saa uko ku biro, nani anabakia na mbwa?"

"Nina ua mzuri, Papa, umefungwa pande zote."

"Siulizi ua. Nauliza muntu. Mbwa wangu siuzi kwa muntu mumoja tu. Ukigonjwa, ukihamishwa, nani atamupa chakula? Andika jina lake hapa. Bila hilo jina, mutoto anarudia kwa mama yake."

Sijawahi kushika kalamu kwa muda mrefu namna ile, hata kwenye mitihani. Wazazi wangu wako Manono. Hapa Kalemie nilikuwa na jina moja tu, nililolisikia likiitwa ng'ambo ya ua: Mama Feza. Nikaliandika, na kando yake nikaandika "mama mdogo wangu".

Papa Kalunga alisoma polepole, akafurahi. "Vizuri. Nikishuka na ng'ombe kiangazi, nitapita kumusalimia."

Mbwa wangu nimemwita Malkia. Huu ni mwezi wa nne niko naye, manyoya yake yanang'aa, na nikifika kwenye kona ya barabara huanza kulia kwa furaha. Kabla yake hapakuwa na kiumbe hata kimoja kilichoijua saa ninayorudi. Lakini mchana anafukua chini ya ua na kwenda kwa jirani. Nililijua hilo kwa harufu ya ndakala, wale dagaa wa ziwani, mdomoni mwake. Juma lililopita Mama Feza alinisemesha kwa mara ya kwanza, akianika samaki.

"Papa wa biro, Kadogo wako amekula kwangu tena."

"Samahani kwa usumbufu, Mama. Jina lake ni Malkia."

"Malkia? Kwangu anaitika Kadogo." Akageuza samaki. "Hana neno. Yeye alipita kunisalimia siku ya kwanza. Weye bado."

Binti zake wakacheka. Nikaingia ndani kana kwamba kuna kazi inayoningoja.

Jana dereva wa lori aliniletea ujumbe: Papa Kalunga atashuka mwisho wa mwezi ujao, na analeta kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya mama mdogo wangu. Ile karatasi inasema wazi kwamba aliyeandika uongo anamrudisha mbwa. Nilitia sahihi.

Nikimweleza Papa Kalunga, Malkia atapanda lori. Nikimweleza Mama Feza, itanibidi nikiri kwamba nililitumia jina lake kabla ya kumpa salamu. Nikinyamaza, watakutana mbele yangu, na mwanamke huyo ataulizwa habari za mpwa asiyemjua.

Jioni ya jana nilivaa abakosti nikafika hadi langoni kwake. Walikuwa wanakula; nilisikia vicheko na sahani. Nikageuka. Malkia hakugeuka nami. Alipita chini ya ua, nikamsikia akiitwa kwa lile jina lake lingine.

Ninyi mnaosoma, mnaojua kuishi na watu, nielekezeni: mtu aliyechelewa karibu miaka miwili kubisha hodi, akishafunguliwa, aanze na neno gani?