Gauni Lililokaa Msumarini

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hajui kutulia. Hata akila, mguu wake wa kulia unakanyaga chini ya meza kama bado yuko kwenye cherehani, na vyombo vinacheza. Mtaa mzima humwita Mashine. Ukimpelekea kitambaa asubuhi, jioni anakupigia simu kukuuliza umepotelea wapi, nguo iko tayari. Fundi wa nguo asiyejua kusema "njoo kesho"! Nadhani aliumbwa ili awaaibishe wenzake.

Ndiyo maana gauni langu lilinipandisha hasira. Lilikuwa la kijani, la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Alikuwa anamalizia pindo wakati sindano ya cherehani ilipotoboa ukucha wa kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, ikakatika. Alifanya wanachofanya mafundi wote ninaowajua: akadondoshea mafuta ya mashine, akafunga kipande cha kitambaa, akasahau maumivu. Ambacho hakukisahau ni ncha ya sindano iliyokatika. Fundi hamkabidhi mtu nguo kama kipande cha sindano hakijaonekana, maana kitamchoma mvaaji. Alipitisha sumaku, akafumua pindo lote, akakung'uta, akafagia chumba hadi uvunguni. Hola.

"Wifi, gauni hili sikupi," akaniambia.

"Harusi ni kesho, wewe!"

"Vaa jingine. Ncha imo humu. Ikikuingia ubavuni nitamwambia nini kaka yangu?"

Nilimnunia, tena sana. Gauni likabaki limetundikwa msumarini, juu ya cherehani.

Kidole nacho kikaanza vituko. Kinavimba, kinatoa usaha, anakimbilia duka la dawa kununua kapsuli. Kinanywea, anashangilia, anarudi kazini. Baada ya muda kinavimba tena. Ikaenda hivyo miezi. Usiku hakimpi usingizi, mchana hakishiki kitambaa, na bado ananiambia ni nyama tu, itapona. Siku nilipoona usaha umedondoka kwenye shati la mteja, niliushika mkono wake mzima nikamburuta hadi hospitali.

Kwenye foleni alinitia wazimu. Anakaa, anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Mara ananyoosha kola ya mzee asiyemjua. Kidole kilipopigwa picha ya eksirei tukaingia kwa daktari wa mifupa, mama mmoja mpole mwenye miwani, naye alitusogezea picha akaonyesha mstari mweupe, mfupi, ndani ya mfupa.

"Hiki ni nini?"

Wifi aliinama, akatazama. Kwa mara ya kwanza mguu wake ulitulia.

"Ncha yangu," akasema.

Mfupa wa ncha ya kidole ulikuwa umeliwa, kingo zimechakaa. Usaha ulikuwa unatoka huko, si kwenye nyama.

"Basi nipe dawa kali, daktari, nirudi kazini."

"Dawa inasafiri na damu, mama. Mfupa ukishakufa haupitishi damu, dawa itaufikiaje? Lazima niukwangue uliokufa, na kipande kiende maabara tujue ni mdudu gani na dawa ipi inamuua. Mpaka siku ya upasuaji, usimeze kapsuli yoyote. Ukimeza, mdudu atajificha na maabara haitaona kitu." Kisha akagusa kiungo cha kwanza. "Na kama ameshaingia hapa, kipande hiki chote nitakiondoa."

Kidole hicho ndicho kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Wifi aliukunja mkono na kukificha kidole kwenye kanga, kana kwamba daktari angekikata palepale.

Asubuhi ya upasuaji, muuguzi akamuuliza kama alitumia dawa yoyote. Akakiri ametumia. Nikamtazama. Alikuwa amemeza masalia ya kapsuli, maumivu yalipomzidi. Wakaahirisha, tukarudi nyumbani. Njia nzima nilimsema hadi mate yakanikauka, na yeye, badala ya kubishana, akawa anakifunga kidole kwenye kanga, anakifungua, anakifunga tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa kweli.

Mara ya pili alijikaza. Wakakwangua, wakatoa ncha, kipande cha mfupa kikaenda maabara. Akalazwa, dripu mkononi, tukisubiri majibu. Kitandani mguu ukaanza tena, unakanyaga shuka hadi shuka linaanguka, mimi naokota.

"Wifi, kama ni kukata, wakate leo. Huku kusubiri kunaniua."

"Tulia basi, dripu itachomoka!"

"Nitulie vipi? Wewe ungetulia?"

Nisingetulia. Hata mimi nilikuwa natembea korido ile mpaka muuguzi akaniuliza kama nami ni mgonjwa.

Majibu yakaja: mdudu amejulikana, dawa yake ipo, na kiungo kimesalimika. Dripu, kisha vidonge wiki nyingi, na kupimwa damu kila mara mpaka daktari akaridhika. Kidole kilibaki, kifupi kidogo, bila ukucha, na ncha yake haikunji tena.

Siku aliyorudi kazini hakugusa nguo ya mteja hata mmoja. Alitoa kwenye droo ile sindano iliyokatika, akatoa kichupa alichopewa na daktari, chenye ncha iliyotolewa kidoleni, akaunganisha ncha na sindano. Vikakaa sawasawa. Akasimama, akalitungua gauni la kijani, akapanga pindo, akashona, kidole kigumu kimesimama wima juu ya kitambaa.

"Haya, vaa. Sasa nina uhakika halina kitu."

Nililivaa palepale, na machozi yakanitoka. Tulilipekua gauni lile ndani nje, na hakuna aliyewaza kumpekua yeye.

"Unalia nini? Linabana?"

"Halibani."

Pindo lilikuwa limekwenda upande, kazi ambayo Mashine hajawahi kuitoa mikononi mwake. Sikumwambia, na silirekebishi.