Mama wa Dekio

Mchungaji akikumbuka chuo cha theolojia, wa kwanza kumjia si profesa, ni mama aliyekuwa akideki kanisa la chuo. Wanafunzi walifanyia mazoezi ya mahubiri humo, na yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji pekee, kama kule kulikuwa kusikiliza. Mikono yake iliyochubuliwa na sabuni ilisukuma dekio benchi hadi benchi. Alikamua, akaguna, akasukuma tena. "Inua mguu, mwanangu," alimwambia hata aliye katikati ya sala. Hakuna mahubiri yaliyowahi kumsimamisha, na mchungaji huyu, wakati huo mwanafunzi, akajiapiza kwamba yake yatamsimamisha.

Alihubiri neema kwa maneno mazito ya vitabuni, dekio likapita. Alihubiri hukumu akipiga mimbari mpaka kiganja kikawaka moto. "Taratibu, mwanangu, mbao hiyo ina mchwa." Mvumilivu hula mbivu, alijiambia, na kila wiki akarudi, ingawa mbivu zenyewe hakuziona. Muhula wa mwisho akapanda bila karatasi, akamzungumzia Martha wa kwenye Injili. "Kila siku tunamsema kwa kuhangaika jikoni," alisema, "lakini alikuwa amesimama tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza kama miguu inamuuma."

Dekio likanyamaza. Mama aliliegemeza ukutani, akaketi benchi la mbele, akavua ndara zake moja moja. Kule mimbarani kijana wa watu akaiacha sentensi katikati, akamtazama.

"Endelea, mchungaji," alisema mama. "Sakafu itangoja."