Mufalme Hasomi Karatasi

Papa Éliézer anasukumaka vitanda vya bagonjwa ku hôpital, kule Jette, inapita miaka kumi na mbili. Lakini uliza muntu wa Kivu yeyote hapa Bruxelles, atakuambia: ule ni musemaji. Kukiwa dot, siku ya kupatana mahari, familia ya binti inamuita yeye. Anavaa koti yake ya rangi ya brun, anakaa mbele ya bakwe, na mudomo yake tu inabatosha jasho.

Siku moja Abigaël, mutoto wa dada yake, akamufata. Kikundi chake cha théâtre, pale Saint-Josse, kilikuwa kinafufua muchezo wa zamani sana, wenye balichezaka mbele ya mufalme na bakubwa. Maneno yote ilipotea, ilibakia page moja ya kueleza hadisi: mufalme wa Bagriki hataki kuoza binti yake. Mwenye anakuja kuposa, anashindana naye mbio ya farasi. Akishindwa, anakufa.

"Tonton, metteur en scène, mwenye kuongoza muchezo, aliandika sehemu ya kuposa yeye mwenyewe, haina damu. Kuja ucheze mufalme, kesho atakusikiliza. Ikikataa, banakata ile sehemu. Na mimi ndiye binti, sina sehemu ingine."

"Ikatae juu ya nini? Kunyima bantu binti, nafanyaka kila samedi, kila mwisho wa juma."

Kesho yake balimupa karatasi. Akaikunja, akaitia mu mufuko. "Mufalme hasomi."

Jamal, mwenye kucheza muposaji, akaomba binti. Éliézer akamuangalia viatu, kisha akaenda nyuma ya rido, pazia ya jukwaa. Akarudi na muntu amefunikwa kitenge. Jamal akafunua: maman Kahambu, mushonaji wa kikundi, mètre ya kupima nguo ingali mu shingo.

"Non," metteur en scène akasema. "Umekosea, binti ni Abigaël."

"Papa, ku dot binti wa kweli haletwake mara ya kwanza," Éliézer akamujibu. "Muache ajibu."

Jamal akamufunika Kahambu tena. "Maman iko muzuri. Lakini haiko ule nilifuata."

"Ah bon. Ule ulimuona wapi? Ulimuchungulia ku dirisha yangu?"

Kahambu akacheka mpaka akakaa chini.

"Alors macho yako iko mbio kuliko adabu," Éliézer akasema. "Tuone kama farasi yako pia iko mbio."

Metteur en scène alikuwa anaandika ile maneno yao, kichwa chini. Nyuma ya rido Abigaël akapumua.

"Tunacheza samedi ya mwisho ya mwezi," metteur en scène akasema. "Mufalme ni wewe."

"Vendredi, siku moja mbele yake," Éliézer akajibu, anavaa koti. "Samedi niko na dot Woluwe."

Bakacheza vendredi.